Nilicheza na Shanga za Mama

Uliyenikosa wiki jana, jua haya tu. Mimi ni Apua binti Ethuro, niko kidato cha tatu katika shule moja ya bweni hapa Lodwar, na kwetu ni Kataboi, karibu na ziwa. Wiki jana niliwasimulia jinsi nilivyokwenda nyumbani likizo fupi kumwomba mama shanga zake, akaninyima katakata, na baba akanicheka mbele ya wageni.

Nilizitaka kwa ajili ya ngoma. Shule yetu ilikuwa inakwenda Kakuma kwenye mashindano, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuongoza wachezaji. Zangu za utotoni nilivuliwa nilipoingia darasa la nne, maana shule haziruhusu, nikampa mdogo wangu. Zilizobaki ni za shule, za plastiki, zimefungwa kwa raba. Ukiruka zinakupiga kidevu.

Mama alisema, "Apua, hizi si soksi."

Na kweli si soksi. Mwanamke wa kwetu aliyeolewa huoga na shanga zake, hulala nazo, hujifungua nazo. Zinatoka shingoni kwa mambo mawili tu: ugonjwa mzito, au msiba, na zikitoka hutunzwa kwa ndugu mpaka mambo yatulie. Hilo nalijua tangu nikibebwa mgongoni. Lishikeni vizuri, maana mimi nililisahau siku niliyohitaji kulikumbuka.

Baba naye alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kile anachokiegemezea kichwa akilala, akacheka mpaka akakohoa.

"Mimi niende Kakuma kutazama watoto wa shule wakiruka na plastiki shingoni? Siku utakayovaa kama mtu wa kwetu, nitakuja. Tena nitakuja na unyoya wangu kichwani."

Unyoya wa mbuni, huo baba huuvaa siku za furaha tu. Nimeuona kichwani kwake mara chache sana maishani mwangu.

Baba hajawahi kukanyaga shule yangu. Siku ya wazazi hakuja. Nilipopewa zawadi ya Kiswahili hakuja. Wenzangu walikuwa wananiuliza kama nina baba. Basi mimi nilikuwa na haja moja tu duniani, baba anione nikifanya jambo, anione kwa macho yake. Mengine yote yangekuja baadaye.

Kaka yangu Ekai ndiye aliyenisindikiza siku ile nikirudi shule nikilia. Ekai ni mvuvi. Ana maneno machache, lakini akisema neno huliweka.

"Futa kamasi," aliniambia. "Shanga niachie mimi. Na mzee pia niachie mimi."

Hapo ndipo tulipoachana mimi nanyi.

Sasa wiki yenyewe. Ilikuwa wiki ya kutoka kila siku, na sisi wanafunzi wa bweni ukitufungulia geti tunakuwa wendawazimu.

Jumanne chama cha mazingira kilikwenda kupanda miarobaini kando ya mto Turkwel. Rafiki yangu Ebyan, Msomali ambaye kwao ni Kakuma, aliteleza kwenye tope akaanguka kifudifudi na mche wake mkononi. Tulimcheka njia nzima. Yeye alikasirika mpaka tulipofika bwenini, halafu akacheka kuliko sisi.

Jumatano tulikwenda mdahalo katika shule jirani, hoja ikiwa wanafunzi waruhusiwe kuwa na simu. Mimi nilipangwa kupinga. Nilisimama nikaongea kwa jazba, nikaeleza jinsi mtu anavyoweza kukaa mwezi mzima bila kujua kwao kuna nini. Watu wakapiga makofi. Kumbe nimeunga mkono badala ya kupinga. Tulishindwa, na mwalimu wa mdahalo hajanisamehe hadi leo.

Alhamisi tulifanya mazoezi ya mwisho ya ngoma. Ilikuwa siku ya ajabu, kwa sababu kulikuwa na mawingu. Mawingu mazito, upande wa milimani, na upepo baridi ukaja uwanjani. Lodwar halikudondoka hata tone.

"Mvua inanyeshea watu wengine," Ebyan alisema.

"Na wanyeshewe, mradi sisi tupate kivuli!" nikamjibu.

Tulicheza mpaka Madam Rispa, mwalimu wetu wa ngoma, akatuomba tuache. Madam Rispa ni mtu wa Kitale. Ngoma zetu anazipenda kwa moyo wote, lakini alizijua kwa kutazama video, na wakati mwingine anatufundisha jambo ambalo nyanya zetu wangezimia wakiliona. Tunamwacha. Ni mwalimu mzuri.

Ijumaa tukaondoka. Basi la shule lilipofika karibu na Nawoitorong niliomba lisimame kidogo, kwa sababu sketi yangu ya ngozi ilikuwa kwa mama mdogo Namuria, anayekaa pale. Nilishuka mbio.

Mama mdogo hakuwepo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba tu. Jirani yake alikuwa nje anaosha sufuria.

"Ejok, hujambo, mtoto. Umemkosa hivi sasa, ameenda sokoni," akaniambia. "Amekuja asubuhi na gari la samaki kutoka kwenu. Hata hakunisalimia vizuri. Kuna nini?"

"Uchovu wa safari," nikamjibu. Yaani mimi ndiye niliyetoa jibu! Sikuuliza alikwenda Kataboi kufanya nini, wala kwa nini arudi asubuhi na kukimbilia sokoni.

Niliingia ndani, nikachukua sketi kwenye sanduku. Nilipogeuka nikaona mkoba umetundikwa nyuma ya mlango. Mkoba wa ngozi wa mama. Nikauteremsha, ukanilemea mkono. Nikautazama ndani.

Shanga za mama. Zote. Harufu yake ilinipanda puani, ya mafuta na udongo mwekundu. Nilizitafuta mpaka nikaona ule mstari mweusi aliokosea kuupanga mwaka niliozaliwa mimi, akakataa kuurekebisha. Ndizo. Hazikuwa za mtu mwingine.

Nilipiga kelele hata jirani akaacha sufuria zake.

"Ekai ameweza!" nilimwambia. "Kaka yangu ameweza! Mwambie mama mdogo nimeshachukua mzigo wangu!"

Basi lilikuwa linapiga honi. Nilikimbia na mkoba kifuani, nikicheka peke yangu barabarani.

Najua mtaniuliza. Apua, wewe ni mtoto wa kwetu, uliona shanga za mama yako zimetoka shingoni na hukushtuka? Sikushtuka. Ekai alikuwa ameahidi, na mtu akikuahidi kitu halafu ukakikuta kimetundikwa ukutani, unauliza nini tena? Nilikuwa nimezitaka sana, kupita kiasi, na tamaa ilinifumba macho. Sina utetezi mwingine.

Nilizivaa humohumo ndani ya basi. Wenzangu walisimama kwenye viti kunitazama.

"Apua wangu!" Ebyan alishika mashavu. "Mama amekubali?"

"Ekai kambembeleza."

"Wallahi, huyo kaka yako ni waziri. Basi na baba anakuja?"

"Anakuja. Na unyoya kichwani. Utamjua tu, ni mrefu, na akicheka anakohoa."

Tulipokaribia Kakuma simu ya Madam Rispa ililia. Aliongea kwa sauti ya chini, akifunika mdomo. "Ndiyo... ndiyo... mimi ndiye mwalimu wake... Poleni. Poleni sana. Sawa, sitamwambia." Hayo ya mwisho niliyasikia vizuri, lakini abiria tulikuwa wengi na kila mtu ana mambo yake. Sikudhani kama ni mimi.

Baada ya hapo mwalimu akabadilika. Aliniita nikae mbele karibu naye. Akaninunulia soda baridi tulipofika mjini, mimi peke yangu. Huyu ambaye hata ruhusa ya kwenda msalani hutoa kwa shingo upande! Nikajisemea, ndiyo raha ya kuongoza ngoma.

"Shanga nzuri," aliniambia, akizigusa kwa kidole. "Za nani?"

"Za mama, Madam. Amenipa."

Macho yake yakajaa machozi. "Mama yako anakupenda sana, Apua," alisema, akageukia dirishani.

Yeye alijua kuna msiba, hakujua maana ya shanga. Mimi nilijua maana ya shanga, sikujua kuna msiba. Tulikaa kiti kimoja, bega kwa bega, na hakuna aliyemfungulia mwenzake.

Jumamosi uwanja ulijaa. Kakuma ina watu wa kila namna, na wote walikuja. Mtangazaji alikuwa Mkongo mmoja anaitwa Onésphore, shati lake la maua linaonekana kutoka barabarani.

"Ba mama, ba papa, ba ndugu yote! Mupige mikono! Sasa batoto ya Lodwar banaingia!"

Tuliingia. Sikilizeni, mimi sijisifu, lakini siku ile nilicheza. Shanga za mama zilikuwa nzito, kila nikiruka zinapanda na kushuka pamoja nami bila kunipiga kidevu. Nilisikia wanawake wa kwetu wakipiga vigelegele. Nilisahau ngoma ni ya mashindano.

Na kila nilipopaa juu nilimtafuta baba.

Nikauona unyoya. Nyuma ya umati, upande wa geti, unyoya wa mbuni ulikuwa unayumba kwa upepo. Alikuja! Nikasogeza ngoma nzima upande ule. Wenzangu wakanifuata bila kujua kwa nini. Nikachezea ule unyoya peke yake, nikaimba kwa sauti yangu yote, nikajitahidi asione kosa hata moja.

Umati uliposogea nikamwona mwenye unyoya. Alikuwa mzee mfupi, na fimbo, na jicho moja. Sikumjua.

Nilimaliza ngoma huku nimeumia. Nikajipa moyo kwamba baba amechelewa, gari limewaharibikia, yuko njiani na Ekai.

Matokeo yakatoka. Nambari moja! Wenzangu walinibeba juu juu. Onésphore akaniweka kipaza sauti mdomoni akaniuliza ninamshukuru nani.

"Namshukuru mama yangu kwa shanga zake," nikasema. "Na kaka yangu Ekai."

Nilisema kwenye kipaza sauti, uwanja mzima ukasikia. Nikilala nayasikia mpaka leo.

Walinishusha. Nikaona mama mmoja mtu mzima anapenya katikati ya watu kuja kwangu. Nilimkumbuka, ni mtu wa Kataboi aliyeolewa Kakuma, tunamwita mama Ekeno. Anauza makaa hapo mjini. Nilimkimbilia nikidhani anakuja kunipongeza.

Hakunisalimia. Aliangalia shingo yangu.

"Wewe ni mtoto wa Ethuro."

"Ndiyo, mama."

"Hizi ni za mama yako. Mstari huu mweusi naujua, nilikuwepo akiukosea." Aliushika. "Amekuvika kwa mkono wake?"

"Hapana. Nilizikuta kwa mama mdogo Namuria. Alizileta jana kutoka nyumbani."

"Mama yako ni mgonjwa?"

"Hapana. Nimemwacha mzima."

Mama Ekeno alikaa chini. Pale pale, kwenye mchanga, katikati ya watu wanaoshangilia. Akaweka mikono kichwani.

"Mtoto," akasema polepole. "Kama si mgonjwa, amezivua kwa nini?"

Jibu lilikuwa limeshanifika. Lilikuwa na mimi tangu nilipofungua ule mkoba, ila nilikuwa nimelikalia.

Nikamgeukia Madam Rispa, ambaye alikuwa amekumbatia kikombe cha ushindi.

"Madam. Nyumbani kwetu kuna nini?"

Uso wake ukamporomoka. "Apua, niliombwa. Nyumbani waliomba usiambiwe mpaka ufike."

"Ni nani?"

"Sikuuliza jina. Walisema kuna msiba, usiambiwe. Nikaona, acha basi acheze, ndiyo furaha ya mwisho mtoto huyu..." Hakumaliza. Kikombe alikiachilia kikaanguka, na hakuna aliyekiokota.

Ni nani? Mimi sikuhitaji kuambiwa. Nilichukua simu ya mwalimu nikampigia Ekai. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Mteja hapatikani. Nikapiga ya mama mdogo, imezimwa, na ile iliyompigia mwalimu nayo haipokelewi. Nikakumbuka upepo wa Alhamisi, ule uliotupa sisi baridi tukafurahi. Ekai na mtumbwi wake. Ekai aliyesema niachie mimi.

Ndiyo sababu hakumleta baba. Ndiyo sababu shanga zilikuja bila yeye.

"Ekai!" nililia. "Ekai wangu!" Na mama Ekeno akanivua zile shanga mstari kwa mstari, akazirudisha mkobani, akiwa hanitazami usoni.

Jumamosi ile nilikuwa nimealikwa kwa kina Ebyan. Mama yake, Saado, alikuwa amepika pilau ya mbuzi kwa ajili yetu, na Ebyan alikuwa amenipa ahadi kwamba Jumapili tutakwenda kutazama mpira wa wasichana. Badala yake nilikaa kwenye mkeka wao nikiwa sioni mbele wala nyuma. Saado aliondoa sinia, akaniletea chai, akakaa nami mpaka nikalala.

"Mimi nimezika kaka wawili," aliniambia. "Sitakudanganya kwamba inaisha. Lakini utakula tena. Utaona."

Asubuhi kaka mwingine wa Saado, Roble, alikuwa na lori la mizigo linalokwenda ziwani. Hakutaka nauli. Alinipandisha mbele, akanipa tende.

"Kula, binti. Kilio kinataka nguvu."

Njia nzima nililia kwa ajili ya Ekai. Nilikumbuka alivyonifundisha kuogelea kwa kunishika nywele. Nilikumbuka anavyochagua samaki mwenye mafuta na kunifichia. Nikajilaumu kwa kila kitu: kama nisingezitaka shanga, pengine asingekuwa na haraka ya kuvua, asingetoka siku ya upepo. Nilimwomba Mungu anirudishie Ekai, na nikamwambia achukue chochote kingine anachotaka. Ndiyo, nilisema hivyo. Chochote kingine.

Kabla ya kufika kwetu kuna lagga, mto wa mchanga ambao mwaka mzima huwa mkavu. Roble alipunguza mwendo akaonyesha kwa kidole.

"Hii Alhamisi ilishuka vibaya. Mvua ya huko juu. Maji ilikuja ghafla, gari yangu ikalala ng'ambo. Watu wanasema imebeba mtu."

"Mm," nikamjibu. Mimi akili yangu ilikuwa ziwani.

Alinishusha karibu na nyumbani. Niliona watu wengi wamekaa, kimya. Wanawake wa kwetu wote shingo tupu. Mdogo wangu kanyolewa. Mama alikuwa chini, ameinama, kichwa chake kimenyolewa, na shingo yake ilikuwa nyembamba sana bila shanga. Sikuwahi kuiona shingo ya mama. Nilishikilia mkoba begani, nikasimama.

Hapo mtu akatoka nyuma ya nyumba.

Ekai.

Alikuwa anatembea. Amenyolewa, macho mekundu, lakini ni Ekai mzimamzima, mrefu, na lile kovu lake la ndoano mkononi.

Nilipiga ukelele. Si wa kilio, jamani. Wa furaha! Nilimrukia shingoni, nikacheka, nikamgusa uso, nikampiga kifua.

"Uko hai! Ekai, uko hai! Asante Mungu! Asante Mungu!"

Niliruka. Mbele ya wafiwa wote, niliruka kama nilivyoruka Kakuma. Hakuna aliyenizuia. Ni ukimya wao ulionisimamisha. Mikono ya Ekai haikunikumbatia, na nilipotazama nikaona kwa nini. Alikuwa ameshika kitu.

Alikuwa ameshika kigoda cha baba.

Baba hajawahi kumwachia mtu kigoda kile. Hata akienda kujisaidia huenda nacho.

"Baba yuko wapi?" nikauliza. "Mimi nilimtafuta Kakuma. Hakuja."

Ekai alikibana kigoda kifuani. "Alitoka Alhamisi asubuhi," alisema. "Nilikuwa nimeshindwa na mama, Apua. Kila siku namwomba, anakataa. Nikamwambia mzee, shanga hazijapatikana, usijisumbue. Akaniambia..."

"Akakuambia nini?"

"Akaniambia, hata na plastiki nitakwenda. Ni mtoto wangu anacheza. Akauvaa unyoya. Akaenda kutafuta gari, na lagga ikamkuta katikati."

Nilisikia kila neno. Nilisikia na mbuzi wakilia mbali.

"Tulimzika jana," Ekai akasema. "Maji yalikuwa yamemharibu, hatukuweza kukungoja. Jana, jua likiwa utosini."

Jana jua likiwa utosini, mimi nilikuwa juu ya mchanga wa Kakuma, nikiuchezea unyoya wa mtu mwingine. Hata shanga sikuwa nazihitaji. Angekuja hivyo hivyo. Alikuwa tayari anakuja.

Nilipiga magoti. Nilitaka kulia, na machozi yote nilikuwa nimeyamaliza njiani kwa Ekai. Kwa baba sikubakiwa na hata chozi. Wanawake waliniona nimekaa macho makavu, wale wale walioniona nikiruka.

Mama aliinua kichwa. Ndiyo kwanza aniangalie. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kilio.

"Apua."

"Mama."

"Baba yako alikufa akienda kukuona. Niambie. Ulicheza?"

"Nilicheza, mama."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata kitu kidogo cha kushika. Nilidhani amemaliza. Wanawake walikuwa wameanza kusogea wanipishe nikae naye.

"Vizuri," mama akasema. "Nataka nikuone kama yeye angekuona. Ulivaa nini shingoni?"

Mkoba ulikuwa begani mwangu. Ekai aliutazama, akautambua, halafu akanitazama mimi.